Ndege Iliyofungwa Kamba Kama Mbuzi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchonga propela inayosukuma ndege kinyumenyume. Niliichonga kwa kipande cha mbao ya saiprasi, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini kama mwiko wa zamani, nikaifunga kwenye mota ndogo, kisha nikaweka ndege nzima juu ya meza ya jikoni ili watu wa nyumbani waone. Nikaunganisha betri. Ndege ikatetemeka, ikasita kama inayofikiri, halafu ikaanza kurudi nyuma. Ilirudi kwa adabu, kama mtu anayetoka ofisini kwa mkubwa, ikagonga kikombe cha nyanya yangu kwa mkia, na chai yote ikaishia mapajani mwake.

"Hii inaenda wapi?" aliuliza, akipangusa rinda. "Inarudi kwao?"

Nyanya tunamwita kogo, kama wanavyoitwa nyanya wote upande wetu, juu kidogo ya Chepseon. Nyumbani anazungumza Kipsigis, na maneno yake hapa nimeyatafsiri. Yamepoteza makali njiani.

Baba alikuwa mlangoni akivua gambuti. Alitazama ndege ikisukumana na birika. "Badilisha waya," alisema. "Mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe ilifanya hivyo hivyo. Ukibadilisha waya, mota inageuka."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniumiza. Kubadilisha waya kungenichukua muda wa kumeza mate. Lakini mota ikigeuka, propela ingezunguka kuelekea kushoto, na propela ya ndege ya kweli, ukiitazama kutoka kiti cha rubani, huzunguka kuelekea kulia. Hakuna mtu Chepseon ambaye angejua. Nadhani hakuna mtu Kericho nzima ambaye angejua. Mimi ningejua. Kwa hiyo niliifungua ile propela, nikaitupa kwenye debe la misumari, nikaanza kuchonga nyingine, na kazi hiyo ikala msimu mzima wa mvua.

Nieleze ndege yenyewe. Ni mfano mdogo wa ndege ya jeshi ya zamani, ya kufundishia marubani. Injini yake ni ya duara na imekaa puani kama sufuria. Viti viwili vimefuatana chini ya paa refu la vioo. Ina magurudumu mawili mbele na jingine dogo nyuma, kwa hiyo ikiwa imesimama inaangalia mbingu. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya lile lingine ni urefu wa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Jina lake silitaji. Kila nikilitaja mtandaoni anatokea mtu kutoka nchi ya mbali kuniambia kwamba niliyoijenga ni ya toleo la pili, na kwamba gurudumu la nyuma nililoweka ni la toleo la nne. Mara ya mwisho nilibomoa mkia mzima kwa sababu ya mtu kama huyo. Alinipongeza, kisha akauliza kuhusu rangi.

Ya kweli niliiona mara moja tu. Nilikuwa katika chai, nikichuma. Mimi huchuma polepole kuliko mtu yeyote katika kituo chetu cha kununulia majani, kwa sababu naangalia kila chipukizi kama kweli lina majani mawili, na kama yale mawili yanafanana. Wengine wakiwa wamejaza vikapu, changu unaweza kuona chini. Siku hiyo sauti ilikuja kwanza. Haikuwa kama ya ndege za abiria zinazopita juu sana, ambazo ukisikia na kuinua kichwa zimeshaondoka, kama tajiri asiyesalimia. Hii ilikuja taratibu kutoka upande wa Londiani, ikinguruma na kukwaruza, na kila mtu katika mistari ya chai akanyooka na kushika kiuno. Ikatokea juu ya msitu, ya manjano, ikienda chini chini, na nikaona kile kitu kinachoivuta. Nilikiona kikizunguka. Sijui ilikuwa inatoka wapi wala inaenda kwa nani. Ilipopotea, kikapu changu kilikuwa kimemwagika, na sikuwa nimesikia kikimwagika.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu hawaziachi ndege hizi. Zimepitwa na kila kitu. Zinavuja mafuta, zinatikisa meno, na kuna wazee matajiri duniani wanaouza nyumba ili kuzifufua. Jibu langu ni la mtu mwenye wasiwasi, kwa hiyo lichukueni hivyo: ndege ya propela haifichi kitu. Inakuonyesha inavyojitahidi. Unaona panga linakata hewa, unasikia injini ikihema, na ikichoka utajua kabla yake. Mimi naogopa vitu vinavyofanya kazi kimya. Siku zote nahisi vina neno vinalonificha.

Basi nikajifunza kwa simu. Sikufundishwa na mtu. Nilitazama video nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mbolea, nikasimamisha, nikarudisha, nikasimamisha. Mota niliitoa kwenye droni iliyoanguka katika harusi fulani Kericho mjini. Mpiga picha alikuwa hataki hata kuiona. Ngozi ya viti vya marubani ilikuwa ulimi wa kiatu cha baba, kiatu ambacho nilidhani amekiacha.

Ndege ilikaa stoo ya mahindi, ikining'inia kwenye boriti. Ilikaa sana. Ilikuwa imekamilika kila upande isipokuwa mmoja: haikuwa imewahi kuruka. Kila nilipokaribia kuirusha niliona kasoro. Misumari midogo iliyochorwa ubavuni haikuwa imenyooka. Kijani cha namba kilikuwa kijani cha mlango wa choo. Ukweli nilikuwa naujua, ila sikuusema: ndege ambayo haijaruka haijaanguka.

Baba aliusema kwa niaba yangu. Ilikuwa jioni, tukipukuchua mahindi machache tuliyochoma, na shamba lilikuwa limeanza kukauka.

"Mahindi yakiingia stoo, hiyo kitu inatoka," alisema.

"Itatoka, baba."

"Ngoja nimalize. Ikitoka ikiwa imeruka, hiyo ni ndege, tutaitafutia mahali. Ikitoka haijaruka, hizo ni kuni, na kogo yako anajua mahali pa kuni."

"Imebaki kidogo tu. Mstari mmoja wa—"

"Mwaka jana ilikuwa imebaki kidogo tu." Hakukasirika. Alikuwa anapukuchua. "Mimi sichukii ndege. Nachukia kitu kinachokaa stoo bila kuoza na bila kuliwa."

Tangu siku hiyo nilitazama shamba la mahindi kama mshtakiwa anavyotazama saa ya mahakamani. Kila jani lililogeuka rangi lilikuwa dhidi yangu. Ningeomba mvua, lakini wenzangu wote kanisani walikuwa wanaomba jua.

Ni katika haraka hiyo nilipofanya jambo la sosiot.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: sosiot ni ufito wa mtende uliopondwa ncha mpaka ikawa nyuzi, kama brashi. Ndio unaosafisha kibuyu, na ndio unaosugua mkaa ndani yake kabla maziwa hayajatiwa kugeuka mursik, maziwa yetu ya mgando. Ni mwepesi, umenyooka, unapinda bila kuvunjika. Ukiutazama kwa macho ya mtu anayejenga ndege, utadhani Mungu aliuumba kwa ajili ya bawa.

Kijiti cha katikati ya bawa la kushoto kilikuwa kimevunjika nilipolipima nguvu. Saiprasi niliyobaki nayo ilikuwa na fundo, na mimi siwezi kulala nikijua kuna fundo ndani ya bawa. Sosiot ya kogo ilikuwa imening'inia jikoni, pale pale mbele ya macho yangu. Nilijiambia anayo nyingine. Anayo, ya vibuyu vidogo. Niliingiza ile ndefu ndani ya bawa, nzima, na nyuzi zake ncha ya nje, nikafunika kwa karatasi ya kufungia maua, nikapaka gundi, nikapaka rangi. Bawa likawa imara ajabu. Niliridhika kwa karibu wiki nzima, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Siku zilizofuata kogo alitafuta sosiot kila mahali. Alimuuliza baba. Aliwauliza majirani. Alimshuku mbwa. Mimi nilimsaidia kutafuta, na nilitafuta kwa bidii sana, hata chini ya kuku.

Aliyenisaliti alikuwa paka. Alikuwa amependa bawa la kushoto. Alilala juu ya magunia chini yake mchana kutwa, akilitazama, na mara moja moja akisimama kwa miguu ya nyuma kulilamba ncha. Mimi nilifurahi kwamba walau mtu mmoja nyumbani anathamini urubani. Kogo alipoingia stoo kuchukua debe, alimwona paka, akasimama, akavuta hewa puani. Akasogea. Akanusa gurudumu, akanusa pua, akanusa bawa la kulia. Akafika kushoto.

"Ndege yako inanuka kibuyu," alisema.

Aligonga bawa kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama daktari anavyogonga mgongo wa mtoto, na mwishoni, pale kwenye nyuzi, karatasi ilikuwa imeanza kuonyesha weusi wa mkaa.

"Lete kisu."

"Kogo, tafadhali. Ukilipasua bawa nitaanza upya."

"Shangazi yako anatoka Sigor kuja kuvuna. Atoke Bomet yote hiyo aje akute kibuyu kichafu kwa sababu sosiot imeenda jeshi?"

"Nitakununulia nyingine sokoni."

"Ile ya soko inajua nini? Hii imezoea vibuyu vyangu." Aliweka mkono juu ya bawa. Nilidhani analipasua kwa kucha. "Itaruka lini?"

"Bado kuna mstari mmoja wa—"

"Nimekuuliza siku, sijakuuliza mstari."

"Jumamosi," nikasema. Nilisikia neno likitoka na nikatamani kulirudisha kinyumenyume kama ndege.

"Jumamosi iruke. Ikimaliza kuruka, mimi napasua." Akachukua debe lake. Mlangoni akageuka. "Na kama inaanguka, iangukie upande wa kulia."

Nilibaki na kitu kimoja cha kununua: uzi. Ndege yangu haina redio. Inaruka kwa kuzunguka. Unasimama katikati ya uwanja umeshika kishikio, nyuzi mbili zinatoka kishikioni hadi kwenye bawa, na ndege inakuzunguka. Ukiinamisha kishikio huku inapanda, ukiinamisha kule inashuka. Kwa hiyo siku ya Ijumaa nilienda Chepseon, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja aliyehamia huku kutoka Mkoa wa Kati kabla baba hajaoa. Sokoni wote, hata Wakipsigis, tunamwita Guka, yaani babu kwa lugha ya kwao. Ndiye aliyeniuzia kila karatasi ya msasa, na kwa muda wote huo alikuwa ananiita kijana ya ndege bila kuuliza ni ndege gani.

"Uzi wa kuvua," nilisema. "Ule mgumu."

"Wa kuvua nini? Hapa samaki watoke wapi?"

"Ni wa ndege."

"Sasa unavua ndege." Alishusha bunda la uzi kutoka rafu ya juu, akapuliza vumbi. "Nionyeshe hiyo kitu basi. Mimi ndiye nimeijenga, nusu yake imetoka hapa."

Nilimpa simu. Picha iliyokuwa kwenye kioo haikuwa ya ndege yangu. Ilikuwa ya zile za kweli, tatu angani, zimepangwa vizuri. Nilikuwa naitumia kupima pembe ya mabawa. Guka aliitazama. Alivaa miwani akaitazama tena. Mteja aliyetaka misumari alisubiri.

"Hizi nazijua," alisema. "Nilikuwa mtoto. Tulikaa chini ya msitu, kule nyumbani, wakati wa hali ya hatari ya mkoloni. Hizi zilikuwa zinapita juu ya paa letu asubuhi, zinaenda kumwaga mabomu msituni. Ndani ya msitu kulikuwa na baba yangu mdogo."

Kuna vitu nilivijua kuhusu ndege hiyo ambavyo sijui kama marubani wake walivijua. Nilijua idadi ya skrubu za paa la vioo. Nilijua zilitumiwa kufundishia. Kwamba zilipita hapa kwetu, juu ya nyumba ya mtu ninayemjua, zikiwa na mabomu, sikuwa nimejua, kwa sababu hakuna video niliyotazama iliyosimama hapo. Masikio yaliniwaka.

"Guka, pole. Sikujua."

"Pole ya nini? Kwani wewe ndiye ulikuwa unaendesha?" Alinirudishia simu, kisha akaichukua tena. "Nikwambie kitu kibaya? Tuliziogopa mpaka tunajikojolea. Mama anatusukuma chini ya kitanda. Halafu zikishapita, tunatoka nje tunacheza ndege. Tunatengeneza na mabua ya mahindi. Tunagombana. Hakuna mtoto alitaka kuwa msitu. Kila mmoja alitaka kuwa ndege."

Alicheka mwenyewe, kisha akaacha.

"Na inalia?"

"Inalia kama mbu," nikakiri. "Ni mota ya betri."

"Hiyo si kulia. Zile zilikuwa zinalia mpaka sufuria inatembea." Alikata uzi, akaukunja. "Na huu uzi unaushika wewe? Haiwezi kwenda inakotaka?"

"Haiwezi. Inazunguka tu."

"Kama mbuzi."

"Kama mbuzi, ndiyo."

"Ngai." Alikaa juu ya gunia la saruji. "Nitafunga duka Jumamosi. Nataka kuona moja yao imefungwa kamba kama mbuzi."

Jumamosi asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaanza kujikusanya, tulienda uwanja wa shule ya msingi. Ule uwanja umeinama, na timu inayocheza kuelekea chini hushinda. Upande mmoja kuna kanisa, upande mwingine madarasa, na upande wa tatu chai ya shule, iliyochumwa vizuri, sawa kama kitanda kilichotandikwa. Nilitegemea watu watatu. Lakini watu waliokuwa wamebeba majani kwenda kituoni walisimama na vikapu vyao, na waliosimama wakavutia wengine, na mama mmoja akaanza kuuza mahindi ya kuchemsha.

Guka alikuja na koti la kanisa. Aliizunguka ndege ikiwa imesimama kwenye nyasi, polepole, mikono mgongoni. Hakuigusa. Nilianza kumweleza kuhusu misumari ya ubavuni, na kwamba mstari mmoja haujanyooka.

"Wacha nishike kamba kwanza," alisema.

Nilimpa kishikio. Akavuta kidogo. Ndege ikamfuata kwa magurudumu yake, ikirukaruka juu ya mavi makavu ya ng'ombe. Akavuta tena, ikaja tena, pua juu. Akaitazama ikija. Sijui uso wa mtu ukiwa hivyo unaitwaje.

"Sawa," alisema, akanirudishia. "Sasa rusha."

Baba alijitolea kuishika mkia. Alipiga goti katika nyasi na gambuti zake, akiwa ameishika kama anavyoshika ndama wa kuchanjwa.

"Nikiachilia, ni nini inafanyika?"

"Inaruka."

"Na kama haijaruka?"

"Baba, achilia."

Kogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alichobebewa kutoka nyumbani, kisu cha jikoni mapajani, kimefungwa ndani ya leso.

Baba aliachilia. Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikainua mkia kama zinavyofanya za kweli, na ikaacha ardhi. Niseme tena, kwa sababu nilingoja muda mrefu kuisema: iliacha ardhi. Uzi ulikaza mkononi mwangu na nikahisi uzito wake, kitu hai upande wa pili. Mota ililia kama mbu, kama nilivyoonya. Kisha nyuma yangu nikasikia mngurumo, wa chini, wa kukwaruza, uliopanda ndege ilipokaribia na kushuka ilipopita. Nilidhani ni lori la majani. Alikuwa Guka. Alikuwa ananguruma kwa mdomo, mashavu yamejaa, mikono bado mgongoni, na alikuwa ananguruma vizuri sana, kwa sauti ya mtoto aliyeshinda ugomvi wa nani atakuwa ndege. Watu wawili watatu wakamsaidia. Mama wa mahindi naye akaingia.

Sasa nitaje nilichosahau. Nilikuwa nimepima kila kitu kwenye ndege ile. Nilikuwa nimepima mabawa, mkia, uzito wa pua, hata ukubwa wa vichwa vya marubani. Mtu wa katikati sikumpima. Ndege ikizunguka, anayeshika kamba naye huzunguka, na mimi sikuwahi kujaribu kuzunguka. Nilikuwa sijazunguka tangu chekechea.

Kwanza mambo yalipita kwa utaratibu: chai, kanisa, madarasa, kogo. Chai, kanisa, madarasa, kogo. Kisha kogo akaanza kuja kabla ya madarasa. Kisha kanisa likapanda. Nilimsikia baba akisema, "Mbona anaenda upande?" na nikataka kumjibu kwamba ni uwanja unaoenda upande, lakini mdomo ulikuwa umebaki nyuma. Miguu ilijifunga. Nilianguka kifudifudi, kishikio kikanichomoka, na uji wa asubuhi ukanikumbusha kwamba bado upo.

Wakati huo huo ndege yangu, ikiwa haijashikwa na mtu yeyote, iliruka. Iliruka moja kwa moja, ikiburuta nyuzi zake. Hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, kila mtu anasema hivyo, na mimi sikuiona. Nilikuwa naangalia nyasi kwa karibu sana. Nilichosikia ni mbu akienda mbali, Guka akinyamaza ghafla, halafu watu wote wakivuta pumzi pamoja.

Nilipoweza kuinua kichwa, ilikuwa imelala juu ya chai ya shule, imebebwa na uso wa chai kama kitu kilichowekwa mezani. Bawa la kushoto lilikuwa limepasuka toka mwanzo hadi mwisho. Kogo alipita kando yangu bila kuniangalia. Aliingia kati ya mistari, akafika, akaingiza mkono ndani ya bawa na kutoa sosiot. Aliikunja, akaiachilia, akaangalia nyuzi. Haikuwa na hata ufa. Kisu hakikuhitajika.

Baba aliileta ndege iliyobaki, akaishika kwa mkono mmoja, na kusimama juu yangu.

"Hiyo tunaita kuruka ama tunaita kuanguka?"

Nilijua kinachoulizwa. Nyumbani mahindi yalikuwa yamekauka kabisa. Nilifungua mdomo kusema ukweli, kwamba urefu haukuwa wa kutosha, kwamba mizunguko haikuwa ya duara sawasawa, kwamba kutua kulikuwa bila rubani.

"Wewe nyamaza," kogo aliniambia kutoka kwenye chai, kwa Kiswahili safari hii, ili Guka na watu wote wasikie. Akainua sosiot juu. "Hii imekaa jikoni kwangu miaka yote. Leo nimeiona ikipita juu ya kichwa yangu. Mnaniuliza kama imeruka?"

"Imeruka, mama," alisema Guka. Alikuwa anatafuta kitu katika nyasi. Alikuwa anakusanya uzi wangu, akiukunja taratibu kwenye kishikio, kama mtu anayerudisha kamba baada ya kuhamisha mbuzi. "Hata imekata kamba. Lakini haijafanya mtu kitu."

Baba alifikiri. Alitazama bawa lililopasuka, akatazama ulimi wa kiatu chake kwenye kiti cha rubani, akautambua, akanitazama.

"Basi ni ndege," alisema. "Tutaitafutia mahali."

Sasa iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo, bawa la kushoto likiwa wazi. Shangazi wa Sigor alipokuja, alikunywa mursik na kuambiwa habari yote. Baba anasimulia kwamba ndege ilipita juu ya goli. Kogo anasimulia kwamba ilipita juu ya kanisa, jambo lisilowezekana, kwa maana kanisa liko upande mwingine. Guka, dukani, anamwambia kila mteja wa msasa kwamba ilitaka kurudi Ulaya ila chai ikaikataza. Zamani ningewasahihisha wote. Sikuona, kwa hiyo nasikiliza.

Nimeanza nyingine, ya aina ile ile. Siku hizi narusha kwanza, napaka rangi baadaye, na kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma nazunguka uani mpaka nizoee.